Malaria na maambukizi ya ujauzito: kinga ya mtoto inashuka, inazoea au inafundishwa?

#1 MamaTariq
Wakuu habari zenu. Nina jambo linaniumiza kichwa, naomba wenye uelewa mnisaidie.

Mimba ya Tariq, ambayo ni ya tatu kwangu, nililazwa na malaria ikiwa na miezi sita. Nikachomwa sindano, nikapona. Karibu na kujifungua nikasumbuliwa na UTI, nikatibiwa ikarudi. Mtoto alizaliwa salama, analia vizuri, ananyonya. Tangu avuke miezi minne malaria haimwachi. Anamaliza dozi, anachangamka, baada ya muda homa tena, kipimo kinasoma tena. Dada zake wawili hawakuwa hivi, na nyumba ni ile ile, chandarua kile kile.

Mama mkwe anasema mtoto kabemendwa, yaani eti mimi na mume tulikutana mapema nikiwa bado nanyonyesha. Muuguzi mmoja kituoni akaniambia "labda ni yale ya ujauzito", kisha akaita anayefuata kwenye foleni. Sasa nauliza: ugonjwa wangu mimi, ulioisha kabla hajazaliwa, unawezaje kugusa kinga ya mtoto? Nilivyokuwa najua, mama akiumwa mtoto anazaliwa na kinga zaidi, siyo pungufu.

#2 Chachandu
Nimekaa siti ya mbele. Waje wataalamu.

#3 NesiWaZamu
Pole sana mama Tariq. Kabla ya nadharia, mambo mawili ya leo leo. Mpeleke mtoto apimwe wingi wa damu, maana malaria za kurudiarudia humaliza damu ya mtoto kimya kimya. Na omba kipimo cha darubini. Kile kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kuendelea kusoma malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa sababu kinashika protini ya mdudu na siyo mdudu mwenyewe. Huenda baadhi ya hizo "malaria" ni ile ile ya mwanzo, na homa ni ya kitu kingine ambacho hakijatibiwa.

La kubemenda naomba tuliache kabisa. Nimeona watoto wanacheleweshwa hospitali kwa sababu wazazi wanaona aibu ya kuambiwa wamebemenda. Na anayebeba aibu hiyo karibu kila mara ni mama peke yake.

Sasa swali lako. Mama anapoumwa mwili wake unaingia kwenye mchochota, yaani joto linapanda, seli nyeupe zinajaa, na kemikali za kuitana msaada zinamwagika kwenye damu. Kondo la nyuma siyo ukuta wa zege. Lenyewe lina seli za kinga na linaweza kuingia kwenye mchochota. Mtoto aliye ndani wakati huo ndio kwanza anajenga kinga yake, mwanzo kwenye ini, baadaye kwenye uboho wa mifupa. Kwa hiyo jibu fupi ni ndiyo, inawezekana. Kwa njia ipi, hapo ndipo wanasayansi bado wanavutana.

#4 BabuPangani
Nesi nakuheshimu ila hapa sikubaliani. Sisi mama zetu waliumwa malaria kila masika, na tumezaliwa tukiwa chuma. Mama akiumwa damu yake inatengeneza kinga, na mtoto anaichukua yote. Huyo mtoto atafutiwe sababu nyingine.

#5 Mwanamaabara
Shikamoo babu. Kuna mambo mawili hapo hayajakaa sawa.

La kwanza, mtoto hachukui yote. Kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, zipo za aina kadhaa, na inayovushwa kwenye kondo ni IgG tu. IgM haivuki, na IgA mtoto anaipata zaidi kwenye maziwa. IgG huanza kuvuka kidogo kidogo kuanzia kama wiki ya 13, lakini mzigo mkubwa unapita wiki za mwisho. Ndiyo maana aliyezaliwa kabla ya wakati anakuja na akiba ndogo. Na kinachovuka ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, siyo uwezo wa kuzitengeneza. Ndani ya miezi michache zinaisha.

La pili, malaria ya ujauzito ina tabia yake. Chembe nyekundu zenye vimelea hunasa ndani ya kondo lenyewe, kwenye sukari fulani inayoitwa kondroitini salfati A. Walioligundua hilo ni Michal Fried na Patrick Duffy, wakachapisha mwaka 1996, na kazi yao ilifanyika Kenya. Kwa hiyo mama anaweza kupimwa damu ya kidole ikasoma safi, kumbe kondo limejaa vimelea na seli nyeupe. Kondo la namna hiyo halifanyi kazi yake sawasawa. Kuna tafiti, ya Gambia ikiwemo, zilizoona baadhi ya kingamwili zinavuka pungufu kondo likiwa na malaria. Nasema baadhi, maana siyo zote na siyo kila utafiti umekubaliana.

Hiyo ndiyo hoja ya kwanza mezani: mtoto kapewa akiba ndogo.

#6 WaKisauni
Mwanamaabara umesema vyema, lakini akiba pekee haimalizi hesabu. Hapa kwetu pwani ya Kenya, Msambweni, walifuatilia watoto tangu damu ya kitovu, majibu yakatoka 2009. Walichukua seli za damu ya kitovu wakazionyesha protini za malaria. Watoto wengine, ingawa mama zao walikuwa na malaria, seli zilikaa kimya. Zisingekuwa zimewahi kuonana na malaria tungesema ni ugeni. Lakini baadhi zilikuwa zinatoa interlukini-10, ambayo ni kemikali ya kutuliza mapambano. Yaani mtoto ameonana na adui akiwa tumboni akafundishwa kumvumilia. Na watoto wa kundi hilo ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi ya kuambukizwa baadaye.

Ni kama mbwa wa mlinzi aliyelelewa na mwizi. Usiku akimwona anatikisa mkia.

Na usishangae kwa nini mwili ufanye hivyo. Mtoto tumboni amezungukwa na seli za mama, ambazo nusu ya vinasaba vyake havifanani na vya mtoto. Lazima azivumilie ili ujauzito ufike mwisho. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mtoto aliye tumboni ana seli maalumu za kutuliza kinga dhidi ya seli za mama zinazovuka. Mdudu wa malaria akipita mlango huo huo, anaweza kupokelewa kama wa nyumbani.

#7 BabuPangani
Marahaba kijana. Mbwa nimemwelewa. Lakini mbona mama zetu waliumwa na sisi tukapona?

#8 NesiWaZamu
Babu, waliopona ndio wanaosimulia. Wadogo zetu waliokufa kabla ya kutembea hawamo kwenye uzi huu.

#9 NyarKisumo
Hapo nesi umenigusa.

Naomba nipinge wote wawili, #5 na #6. Mama aliyeumwa malaria akiwa mjamzito anaishi wapi? Anaishi penye mbu. Mtoto wake akizaliwa anaishi wapi? Pale pale. Ukiniambia watoto wa akina mama wenye malaria wanaugua zaidi, mimi nakuuliza kama mmetenganisha na dimbwi lililo nyuma ya nyumba. Huku kwetu kando ya Nyanza nyumba mbili za boma moja zinaweza kutofautiana mbu usiku kucha, kwa sababu moja ina matundu ukutani au iko karibu na maji.

MamaTariq, dada zake walikuwa wachanga nyumba hiyo hiyo ikiwa na hali hii hii? Hakuna shimo la maji lililochimbwa karibuni? Chandarua ni cha mwaka gani?

#10 MamaTariq
Asanteni wote. NyarKisumo, umenifanya nifikiri. Chandarua ni kile nilichopewa kliniki mimba ya pili, kimechanika pembeni nimeshona. Na jirani wanafyatua matofali tangu mwaka jana, mashimo yanajaa maji.

#11 NyarKisumo
Mnaona sasa?

#12 Mwanamaabara
Mashimo ya matofali ni jambo kubwa, sibishi. Ila hoja ya dimbwi watafiti wanaijua, na walijaribu kuitenganisha. Utafiti wa Muheza, Tanga, uliochapishwa 2005, ulilinganisha watoto wa eneo moja lenye malaria kali. Ulichoona ni kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa akina mama waliokwisha kuzaa kabla, ambao safari hii kondo lilikuwa na malaria. Yangekuwa madimbwi tu, idadi ya mimba za mama isingeleta tofauti ya namna hiyo. Na Tariq ni mimba ya tatu.

Kameruni nako mwaka 1997 waliona watoto waliotoka kwenye kondo lenye malaria wanaambukizwa zaidi kati ya miezi minne na sita. Umri huo una maana, kwa sababu akiba ya mama inapungua na hemoglobini ya kichanga inaisha, nayo humlinda mtoto miezi ya mwanzo. Hapo kinga yake mwenyewe ndiyo inatakiwa kusimama.

#13 WaKisauni
Na iwapo imefundishwa kuvumilia, haisimami. Ndiyo hoja yangu.

#14 NyarKisumo
Au imesimama ila mbu ni wengi kupita uwezo wake. Bado nipo palepale.

#15 MswahiliUjerumani
Salaam kutoka huku baridini. Mnaongea kana kwamba mchochota wa mama ni hasara tupu. Kuna upande wa pili.

Huku Ujerumani, Uswisi na Austria wamefuatilia sana watoto wa wafugaji. Mama aliyekuwa akiingia zizini akiwa mjamzito, akivuta vumbi la ng'ombe na nyasi, mtoto wake huwa na mzio kidogo kuliko wa jirani asiyefuga. Kisha wakachukua bakteria mmoja wa zizini, Acinetobacter lwoffii, wakawapa panya wenye mimba. Watoto wa panya wale walikingwa na pumu. Na kinga hiyo ilitegemea vipokezi vya mama vya kutambua bakteria. Mama asipohisi bakteria, mtoto hapati faida.

Mwaka 2021 Marekani wakaenda mbali zaidi. Panya wenye mimba waliambukizwa bakteria wa tumboni kwa muda mfupi, maambukizi mepesi yaliyopona yenyewe. Kemikali moja ya mama, interlukini-6, ilifika kwa watoto na kubadilisha seli zao za utumbo. Walipokua walimshinda Salmonella vizuri kuliko wenzao. Sasa sikilizeni sehemu ya pili: hao hao waliugua zaidi mchochota wa utumbo. Ulinzi na ugonjwa vilitoka kwenye somo moja.

Kwa hiyo mimi sisemi kinga imeharibika wala imeshuka. Imefundishwa. Swali ni imefundishwa nini na kwa ajili ya mazingira gani.

#16 Chachandu
Kwa hiyo wake zetu tuwapeleke zizini waugue kidogo?

#17 NesiWaZamu
Chachandu, kuna mama mjamzito atasoma hapo na kuacha dawa. Vumbi la zizi au maambukizi mepesi ya siku chache siyo malaria iliyolaza mtu kitandani. Malaria ya ujauzito inaua mama, inatoa mimba, inaleta mtoto mwenye uzito mdogo. Panya wa maabara hawana upungufu wa damu tulionao sisi. Mjamzito akihisi homa aende kituoni siku hiyo hiyo.

#18 Chachandu
Nimekupata dada nesi, niliuliza tu.

#19 MamaNjiti
Mnaongelea malaria tu, naomba nilete langu. Mimi chupa ilipasuka ujauzito ukiwa na wiki 30. Nikakaa siku kadhaa wakinipa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto na antibayotiki, kisha homa ikapanda, maji yakaanza kunuka. Mtoto akatolewa njiti. Siku ya pili kipimo chake cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na mchochota, kikawa juu, na aliyekuwa zamu akaniambia tusiwe na wasiwasi, hiyo ni CRP ya mama imevuka kwa mtoto. Sasa binti ana miaka sita, kifua kinabana kila baridi, ana pampu ya pumu. Hili nalo limetokana na mwili wangu kuwaka?

#20 Mwanamaabara
Pole mama, na hongera kwa kumlea hadi hapo. Hilo la CRP halikuwa sahihi. CRP ya mama haivuki kondo kwa kiasi cha maana, kwa hiyo ile ilikuwa ya mtoto mwenyewe. Haimaanishi moja kwa moja alikuwa na maambukizi, kwani hata uzazi mgumu huipandisha siku za mwanzo. Lakini ilikuwa yake.

Maambukizi ya mfuko wa uzazi chupa ikiwa imepasuka ni njia tofauti na malaria. Kwenye malaria vimelea vingi vinabaki upande wa damu ya mama, mtoto anasikia kelele za vita. Kwa mama Njiti bakteria huenda waliingia kwenye maji ambayo mtoto anayameza na kuyavuta mapafuni. Mtoto mwenyewe anaingia vitani kabla ya wakati. Kuna tafiti zilizohusisha maambukizi hayo na pumu, hasa kwa waliozaliwa kabla ya wakati.

#21 NesiWaZamu
Naongezea. Njiti ana mapafu machanga, huenda alipewa oksijeni, na akiba yake ya IgG ni ndogo. Ukitaka kujua kifua chake kinabana kwa sababu ya mchochota wa tumboni, uchanga wa mapafu, oksijeni au moshi wa jikoni, hakuna atakayekutenganishia. Na mama Njiti, hukufanya kosa lolote. Chupa kupasuka mapema siyo uzembe.

#22 MamaNjiti
Asante nesi. Maneno hayo nimeyasubiri miaka.

#23 MkulimaWaKorosho
Mimi nina swali la minyoo. Mke wangu alipewa dawa ya minyoo kliniki, mtoto katoka na ukurutu mwili mzima. Nikasoma mahali kwamba Waganda waligundua dawa ya minyoo ndiyo inaleta ukurutu. Basi minyoo iachwe?

#24 MswahiliUjerumani
Umesoma nusu. Ni utafiti mkubwa wa Entebbe, akina mama wapatao 2,500. Wengine walipewa albendazo wakiwa wajawazito, wengine kidonge kisicho na dawa. Ni kweli, kwenye majibu ya 2011 watoto wa waliopewa albendazo walipata ukurutu zaidi utotoni. Maelezo yao ni kwamba minyoo ya mama hutuliza kinga, na ukimwondoa mtulizaji kinga ya mtoto inakuwa kali kupita kiasi. Lakini utafiti huo huo ulitazama jinsi watoto walivyoitikia chanjo za BCG (ya kifua kikuu), pepopunda na surua, na kutibu minyoo ya mama hakukuleta tofauti ya maana.

Hoja ya WaKisauni ya kuvumilia inapata nguvu hapa, ila kwa upande wa pili wa shilingi.

#25 NesiWaZamu
Na mke wako asiache dawa. Safura inamnyonya mama damu. Ukurutu unatibika kwa mafuta na uvumilivu, lakini mama akiingia leba bila damu ya kutosha ni hatari nyingine kabisa.

#26 WaKisauni
Kwa kuwa BCG imetajwa: hapo hapo Entebbe walilinganisha watoto waliochomwa BCG siku ya kuzaliwa na waliocheleweshwa hadi wiki ya sita. Waliochomwa mapema walipata maambukizi machache hata yasiyohusiana na kifua kikuu. Kwa hiyo kama kinga ilifundishwa vibaya tumboni, huenda ikafundishwa upya nje.

#27 BabuPangani
BCG ndiyo ile ya kovu begani?

#28 NyarKisumo
Babu, begani ni kwenu Tanzania. Sisi Kenya tuna kovu kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Ukitaka kumjua Mkenya mwambie akunje shati.

#29 BabuPangani
Basi mpakani Horohoro wasiulize pasipoti, waangalie makovu.

#30 MamaTariq
Nimerudi. Darubini imeonyesha vimelea vipo kweli, na damu imeshuka, ameanzishiwa dawa. Nesi Mungu akubariki. Mume wangu amekwenda kuongea na jirani kuhusu mashimo, na chandarua kipya nimepata.

Swali moja limebaki. Ujauzito ule nilimeza SP, vile vidonge vya kuzuia malaria kwa wajawazito, mara moja tu, mara nyingine niliambiwa zimekwisha. Ningemeza zote, ingekuwa tofauti kwa Tariq?

#31 Mwanamaabara
Habari njema hiyo. Mwongozo wa WHO tangu 2012 ni SP kila hudhurio kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, dozi zikipishana angalau mwezi, na zifike tatu au zaidi. Wanaotumia septrini kwa sababu ya VVU hawapewi SP. Mara moja ilikuwa kidogo, na kosa halikuwa lako.

Kama ingebadilisha kinga ya Tariq, hapo kuna fumbo ninalolipenda. Kenya, Malawi na Tanzania walilinganisha SP na dawa mpya zaidi, dihaidroatemisinini-piperakwini, majibu yakatoka 2023. Dawa mpya ilizuia malaria ya akina mama vizuri kuliko SP, ambayo vimelea vyetu vimeizoea. Ungetegemea watoto wa dawa mpya wazaliwe na hali bora. Haikuwa hivyo. Upande wa SP matokeo ya uzazi ndiyo yalikuwa mazuri zaidi. Ina maana SP inafanya kitu kingine kisichohusu malaria.

#32 NyarKisumo
Inaua bakteria. SP ina salfa ndani. Mama Tariq mwenyewe alikuwa na UTI inayojirudia. Huenda tumekaa tunamlaumu mbu na mdudu wa malaria, kumbe kilichokuwa kinachochea mwili wa mama ni bakteria wa njia ya mkojo.

#33 WaKisauni
Au inatuliza mchochota wenyewe bila kujali umetoka wapi. Wapo wanaolichunguza hilo pia. Bakteria ni dhana moja tu.

#34 NyarKisumo
Basi nionyeshe mama asiye na bakteria wala malaria ambaye SP ilimsaidia, nitakuamini.

#35 MswahiliUjerumani
Hata ukimpata, uzito wa kuzaliwa siyo kinga. Mtoto anaweza kuzaliwa na kilo tatu na seli zake za kitovu zikawa kimya vile vile. Anayejua kama kuna waliopima damu ya kitovu kwenye makundi yale mawili alete hapa.

#36 Mwanamaabara
Nitatafuta. Wa zamu ya usiku naomba msiufunge uzi.